Mrejesho: malipo ya mwanachama mmoja kuonekana kwa wanachama wote (lugha ya programu ya Python)

Habari zenu wakuu. Niliuliza kwa nini kwenye programu ya kikundi chetu cha kuweka na kukopa, mmoja akilipa, malipo yanaonekana kwa wote. Klasi ya Mwanachama (kiolezo cha kuundia kila mwanachama) ilikuwa na malipo = [], yaani orodha tupu, juu kabisa, nje ya __init__ (sehemu inayotekelezwa kila mwanachama mpya anapoundwa).

Nimefuata ushauri wa kuihamishia ndani ya __init__ kama self.malipo = [] (self ni mwanachama husika). Imekubali palepale, kila obijekti (yaani kila mwanachama aliyeundwa kwa klasi hiyo) sasa ina orodha yake. Aliyeniambia nijaribu a.malipo is b.malipo (kuuliza kama wanachama wawili, a na b, wanatumia orodha ileile), Mungu akubariki sana. Kuona jibu la True (kweli) ndiko kulikonifumbua macho: lilikuwa daftari moja linaloandikwa na kila mtu.

Ushauri wa kuweka malipo=[] kwenye mabano ya __init__ haukusaidia. Python huunda orodha hiyo mara moja tu, def (amri inayounda __init__) inapotekelezwa, kwa hiyo ikawa ya pamoja tena. Anayetaka njia hiyo aweke malipo=None (yaani hakuna kitu), kisha aunde orodha mpya ndani.

Idadi ya wanachama nimeiacha kwenye klasi, maana hiyo kweli ni ya wote. Ila self.idadi += 1 haigusi hesabu ya klasi: inaisoma, halafu inaandika sifa mpya kwenye obijekti. Mwanachama.idadi += 1 ndiyo iliyofanya kazi.

Bado mwanachama akiondolewa idadi haipungui yenyewe. Kwa sasa natumia len() (inayohesabu vilivyomo) ya orodha ya wanachama. Asanteni sana nyote.