Thunderbirds ya 1965: nianze na Fireflash au ile ya New York?

BintiUnguja: Wakuu, nataka kumwonyesha mwanangu wa miaka sita vile vikaragosi vya Thunderbirds, mfululizo wa TV wa Uingereza kuhusu kikosi cha uokoaji. Nimerudia Trapped in the Sky, sehemu ya kwanza, ile ya ndege ya abiria Fireflash, na bado imenishika. Nianze nayo, au Terror in New York City? Au niende tu kwenye toleo la 2015?

Nahodha_wa_Anga: Fireflash, wala usisite. Ndege inaendeshwa kwa nyuklia, na yule mhalifu The Hood ametega bomu kwenye magurudumu. Ikitua, inalipuka. Ikibaki angani, kinga ya mionzi inaisha muda na abiria wanadhurika. Mtoto anaelewa hatari hiyo bila kufafanuliwa. Halafu kule kutua London! Magari matatu yanakimbia chini ya tumbo la ndege ili yaipokee. Kina Derek Meddings, mafundi wa madoido ya kamera, waliifanya barabara ya kutua ndege kuwa mkanda unaozunguka; modeli zimetulia pale pale, ardhi ndiyo inakimbia. Mpaka leo jicho linakubali.

Mama_Kombo: Ya New York ni nzito zaidi. Jengo la Empire State linahamishwa zima zima, linaporomoka, watu wa televisheni wananaswa chini na maji yanapanda. Na Thunderbird 2, ile ndege kubwa ya waokoaji, inapigwa makombora na meli ya kivita ya Marekani! Wangu alilia. Iwe ya pili, akishaipenda hiyo ndege.

Juma_K: Dakika 50 ni nyingi kwa miaka sita. Za 2015 ni kama 22 tu. Wahusika ni wa kompyuta, ila mandhari mengi ni modeli za kweli zilizojengwa New Zealand.

Nahodha_wa_Anga: Juma, urefu huo wa dakika 50 aliutaka Lew Grade mwenyewe, bosi wa kampuni iliyogharamia, baada ya kuona ile ya kwanza ikiwa na dakika 25, na alifanya jambo la maana. Kwenye mpya watu wanaokolewa kabla hujapata hofu. BintiUnguja, mwambie mwanao atazame mikono: kamera ikisogea karibu, ni mkono wa mtu kabisa.

BintiUnguja: Basi Fireflash Jumamosi, nitaigawa mara mbili. Nisimamishe pale gari moja linapoacha njia?

Mama_Kombo: Hapo hapana, dada yangu, hatalala huyo! Simamisha Thunderbird 2 inapoondoka kisiwani kwa waokoaji, ile minazi inapolala pembeni kuipisha. Angalau ajue msaada uko njiani.