Mbwa wa watu kulala kwetu, vilimani nyuma ya Konde: nianze vipi?

Mama Konde
Assalaam alaykum. Nakaa juu ya kilima nyuma ya Konde, huku Pemba, shamba letu la mikarafuu linateremka mpaka bondeni. Mume wangu alikuwa mlinzi hotelini upande wa Kigomasha na mbwa wa pale walimzoea sana. Sasa wageni wanaofanya kazi kule wakienda kwao likizo wanataka kutuachia mbwa wao, kwa malipo. Mimi nataka, nawapenda wanyama hawa. Lakini jirani yangu wa chini anakataa, anasema majamvi yake ya karafuu yatanajisika. Naomba anijibu anayeijua kazi hii: walale wapi, niwafunge au niwaache, wale nini?

Msasi wa Kusini
Waalaykum salaam dada. Niko Makunduchi, kusini mwa Unguja. Kwetu tunasaka nguruwe na mbwa tangu enzi za babu, na wasasi wenzangu wakisafiri mbwa wao hulala kwangu.

Jirani yako ana haki, anza na yeye. Kwa madhehebu yetu ya Shafii, mate ya mbwa na mwili wake uliorowa ni najisi. Chombo alichoramba kinaoshwa mara 7, moja kwa udongo. Karafuu za mtu uanikoni si mahali pa kujaribu bahati. Uzio utangulie, mbwa afuate. Mimi nimesimika miti ya mvinje na wavu, na wavu wenyewe nimeuzika chini, maana mbwa anachimba. Banda liwe mbali na nyumba na mbali na kisima. Ndoo, sahani na ufagio wa mbwa visiingie jikoni kabisa.

Mnyororo wa kutwa nzima unamharibu mbwa, anakuwa mkali. Ndani ya uzio mwache huru. Nje, kamba mkononi daima: msitu wa Ngezi uko karibu nanyi, na mbwa akinusa paa hasikii jina lake. Paa wa Pemba wana thamani kubwa kuliko malipo yoyote ya mgeni.

Kubwa zaidi ni kadi ya chanjo. Iangalie wewe mwenyewe, usikubali neno la mdomo. Kichaa cha mbwa kilipungukiwa nguvu Pemba kwa sababu mbwa walichanjwa kwa wingi, msikirudishe kupitia banda lako. Kisha kuna parvo, ule ugonjwa wa kutapika na kuharisha damu. Virusi vyake vinakaa udongoni miezi na miezi, sabuni ya kawaida haiviui, na mbwa mmoja akivileta umewaambukiza watakaofuata. Kwa hiyo kijibwa ambaye hajamaliza chanjo mrudishe, hata mwenyewe akilia. Mbwa mkubwa akifika, mkague kupe masikioni na katikati ya vidole kabla hajapita mlangoni.

Chakula, mwenyewe alete alichozoea. Kikiisha, chenga za mchele na dagaa zinatosha. Usimpe mchuzi wenye vitunguu, ni sumu kwake, wala mifupa ya kuku iliyopikwa.

Bint Wete
Niongeze: mwambie sheha mapema, asisikie kwa watu. Na muandikiane na mwenye mbwa: siku ya kurudi, simu ya mtu wa pili, nani analipa daktari wa mifugo. Nimeona mbwa aliyeachwa na mwenyewe hakurudi tena. Mtoto akiumwa na mbwa, jeraha lioshwe kwa maji mengi na sabuni dakika 15, halafu hospitali siku hiyo hiyo, hata mbwa akiwa na kadi.

Mama Konde
Allah awalipe. Uzio tutauweka upande wa juu, na msimu wa kuanika karafuu sitapokea mbwa hata mmoja. Jirani nimemwambia hilo jana, amesema ataona. Je, ujira wenyewe ni halali?

Msasi wa Kusini
Hilo muulize sheikh wa msikiti wenu, umweleze kazi yote ilivyo: huuzi mbwa, unalipwa kwa kumlinda na kumlisha. Mimi si wa kulitolea fatwa. Vipimo vya wavu nitakupigia picha kesho kukicha.