Nimelipia vipande 40 vya simulizi ya binti tapeli wa mizimu, kipande cha 38 mzimu ukatokea wa kweli. Nataka hela yangu!

Wakuu, nina hasira, asiyetaka povu apite kimya kimya.

Mwezi mzima nimekuwa nikinunua simulizi kwenye kundi moja la WhatsApp. Kundi silitaji, mtunzi simtaji. Bei ni buku kwa vipande vitano, vipande 40, kwa hiyo elfu nane, achilia mbali makato ya kutuma. Tangazo lilisema ni mapenzi ya London mwaka 1874: binti fukara anayejifanya anaongea na wafu, na lodi kijana aliyeapa kumuumbua. Nikajisemea hapa ndipo penyewe. Habari za hawa waita roho wa karne ya 19 nimezisoma mpaka mume wangu ananicheka. Ni ugonjwa wangu, kila mtu na wake.

Na tuseme haki, vipande vya mwanzo mtunzi alinikamata. Kilinge cha yule binti kilikuwa kilinge hasa. Taa za gesi zinapunguzwa, watu wanashikana mikono kuzunguka meza, wanaimba. Katikati ya wimbo binti anajifanya kutetemeka, anavuta mkono mmoja pole pole hadi jirani wa kulia na wa kushoto wanashika mkono ule ule mmoja, kila mtu akidhani ana wake. Uliobaki huru ndio unaogonga kengele na kumpapasa mjane shavuni. Kuna kitambaa cha melimeli chepesi kiasi cha kukunjwa kikaingia kwenye soksi, kimepakwa mafuta yenye fosforasi king'ae gizani. Hizo mbinu zilikuwepo kweli, mtunzi alisoma, nampa sifa yake. Huku kwetu mtu anayepandwa na pepo tunamwita kiti. Huyu alikuwa kiti kisicho na pepo. Yeye alijua, sisi tulijua, lodi peke yake alikuwa anashuku tu bila ushahidi, na utamu wote ulikuwa hapo: siku akimpenda, atamwambiaje?

Kipande cha 38, lodi anavamia kilingeni, anawasha taa kwa SWICHI (nitalirudia hili), na badala ya kukuta melimeli anamkuta marehemu mama yake. Mzima mzima, anaongea, anajua siri ya utotoni, anawabariki. Kipande cha 39 harusi. Cha 40 mapacha.

Nilitupa simu kitandani.

Eti binti muda wote alikuwa na karama ila hakujijua! Kwa hiyo hana kosa, hana cha kuungama, na yule mwanaume hana cha kusamehe. Sasa vipande 37 tulikuwa tunakesha tukisubiri nini? Na huu mchezo nimekutana nao mara ya tatu sasa kwa watunzi tofauti. Wanaanza na tapeli kwa sababu tapeli anavutia, halafu mwishoni wanaogopa, wanamtakatisha kwa mzimu.

Atakuja mtu hapa kusema hadithi ya mapenzi lazima iwe na muujiza. Sawa, kaa nikupe iliyotokea.

Hydesville, jimbo la New York, Machi 1848. Mabinti wawili wa nyumba moja, Maggie Fox ana miaka kama 14, Kate 11. Usiku wanamtisha mama yao kwa kufunga tofaa kwenye uzi na kulidundisha sakafuni. Baadaye wanagundua wanaweza kualisha vidole vya miguu mpaka meza inasikika kama inagongwa. Majirani wanajaa, wanauliza maswali, "roho" inajibu kwa kugonga. Dada yao mkubwa Leah anaona biashara, na mwezi Novemba 1849 wanapandishwa jukwaani Rochester mbele ya umati. Utani wa watoto umeshakuwa dini, nao hawawezi tena kushuka.

Mwaka 1852, Philadelphia, anaingia daktari Elisha Kent Kane. Ametoka Aktiki, magazeti yanamwimba, ukoo wake una jina na unajua una jina. Anamwona Maggie, anazama. Na anajua! Haamini mizimu hata chembe. Barua zake zote wimbo mmoja: achana na hizo kelele, achana na udanganyifu. Anamlipia shule kijijini nje ya mji ili awe mtu wa kupelekwa nyumbani kwao. Halafu mwaka 1853 anaondoka tena kwenda kumtafuta Sir John Franklin aliyepotelea kwenye barafu. Meli yao inanasa. Wanaitelekeza, wanatoka kwa miguu na mashua. Zaidi ya miaka miwili binti anasubiri bila kujua kama mtu yuko hai.

Anarudi Oktoba 1855. Mnafikiri wanaoana? Ukoo unakataa. Maggie anawekewa karatasi asaini kwamba kati yao hapakuwa na uchumba, naye anasaini. Yule shujaa aliyeshindana na barafu ya kaskazini hakuweza kushindana na mama yake. Wanarudiana kwa kujificha, na kwa maelezo ya Maggie, mwaka 1856 walitamkiana mbele ya mashahidi kuwa ni mume na mke. Hakuna padri, hakuna cheti. Kane anasafiri, anaumwa, anafia Havana Februari 1857. Mji baada ya mji unasimama kupokea jeneza lake hadi Philadelphia. Maggie hana nafasi kwenye msiba huo, si mke, si mchumba. Anajiita Bibi Kane maisha yake yote, anagombana na ndugu za marehemu kuhusu fedha, barua zao za mapenzi zinaishia kuchapwa kitabu watu wasiomjua wazisome.

Na baada ya yote hayo, kwa kukosa kula, anarudi kwenye kugonga meza. Ile kazi aliyomwahidi Kane kuiacha. Pombe nayo ikaingia. Tarehe 21 Oktoba 1888 akapanda jukwaani New York, akavua kiatu mbele ya ukumbi uliojaa, akaweka mguu juu ya kigoda na kualisha kidole. Ukumbi mzima ukasikia. Miaka arobaini ya uongo, hicho ndicho kilichokuwa chombo chake. Mwaka uliofuata akakana ungamo lake. Alikufa 1893, fukara.

Sasa niambie, ni mtunzi gani mwenye akili atakayemwacha mwanamke anayevua kiatu namna hiyo, achague mapacha?

Na kama alitaka London ya 1874, nayo ina yake. William Crookes, mwanasayansi aliyegundua metali iitwayo thaliamu mwaka 1861, ana mke na watoto, anamchunguza binti wa Hackney aitwaye Florence Cook, ambaye hukaa kitini ndani ya "kabati", yaani kona iliyozibwa kwa pazia, na humo gizani hutoka "roho" mwenye mavazi meupe, jina Katie King. Crookes anahesabu mapigo ya moyo: roho 75, Florence 90. Anakata nywele za roho. Anaangalia masikio kama yametobolewa. Anasifia uzuri wake kwa maandishi mpaka unaona aibu wewe msomaji. Walikuwa wapenzi? Watu wanabishana mpaka leo. Kumbe Florence aliolewa na mtu mwingine mwaka huo huo wa 1874. Na Januari 1880 kijana mmoja, Sir George Sitwell, akamkamata mkono "roho" mwingine wa Florence, pazia likafunuliwa, kiti alichokuwa amekalia kitupu, na "roho" ni Florence mwenyewe akiwa na nguo za ndani.

Swichi sasa. Nyumba ya mjane mwaka 1874 haina swichi ya taa ukutani! Ni gesi na mishumaa. Kabla hamjanirukia: ndiyo, Crookes alitumia mwanga wa umeme kumpiga picha Katie King mwaka huo, lakini hiyo ilikuwa mitambo na betri za mtu wa maabara. Mtunzi anayejua melimeli ikunjwe vipi alishindwaje kuuliza taa?

Hata hilo ningemeza. Kilichonichoma roho ni pete.

Kipande cha 9 yupo bibi mjane, mwanawe kafia vitani. Kila Jumatano anakuja kuongea naye, na binti anamwigia sauti ya mwanawe. Siku moja hana fedha, anavua pete ya ndoa anaiweka mezani. Nililia. Nikawa nasubiri ile pete irudi, maana mtunzi aliitaja mara tatu. Imerudi kweli kipande cha 39: bibi harusi ameivaa! Kama pambo! Bibi mjane hatajwi tena.

Kuna mjane wa kweli, Jane Lyon wa London, mwenye miaka zaidi ya 70. Daniel Dunglas Home alimletea maneno ya marehemu mumewe, bibi akamfanya mwanawe na kumpa jumla ya pauni 60,000. Alipozinduka alikwenda mahakamani, na mwaka 1868 Home akaamriwa arudishe. Hata sheria ya Malkia Victoria ilimkumbuka mjane, mtunzi wetu hakumkumbuka.

Mimi mama mkubwa wangu alifiwa na mwanawe wa pekee. Akapatikana mganga wa kumsemesha. Cherehani ilikwenda, kisha mabati aliyokuwa amenunua ya kuezekea. Sauti aliyosikia alisema ni ya mwanawe, na hadi leo ukimwambia sivyo anaondoka kibarazani. Kwa hiyo mtu asiniambie "dada, ni simulizi tu, relax". Ndivyo admin alivyonijibu nilipouliza habari za pete. Nilipouliza mara ya pili akanitoa kundini, na watu wakaweka vikaragosi vya kucheka, mwenzangu mmoja kanitumia picha.

Sidai elfu nane yote. Vipande 37 nilivifaidi, nakiri. Nadai vitatu vya mwisho, shilingi mia mbili kila kimoja, mia sita. Namba yangu mtunzi anayo.