Tupeane uzoefu: ndugu anayekutia hasira kila siku, ulifikaje kumpenda?

MamaWawili: Habari za jioni wakuu. Leo mama mkwe kamwaga mboga niliyopika, mbele ya wageni, eti imeungua. Mwaka wa tatu tunaishi naye. Sitaki aondoke, ni mzazi, na wanangu wanampenda. Nataka tu kifua kiache kuwaka nikisikia kandambili zake koridoni. Aliyewahi kufika huko anieleze alipitia wapi.

Mpangaji6: Pole dada. Sisi vyumba sita, luku moja ya umeme. Kuna mmoja hachangi na pasi yake haipoi. Bado sijafika.

KakaMtu: Mada imenigusa. Mdogo wangu alikula unga, yaani heroini. Wa Temeke na Kinondoni mnajua nisemacho. Alianza kuiba masufuria, ikaja simu yangu, mwisho cherehani ya mama. Cherehani hiyo ndiyo iliyotusomesha sote. Nilimkuta maskani yuko kwenye arosto, yale maumivu ya kukosa unga, anatetemeka, kamasi zinamtiririka. Nikampiga mpaka watu wakaniondoa juu yake. Hakurudisha hata kofi. Aliuliza tu, "Mama kala?"

2013 akaanza methadoni, dawa ya kutibu uraibu wa unga, hospitali ya Muhimbili. Ile dawa alikuwa anainywa pale pale mbele ya muuguzi, kila siku, Jumapili na sikukuu. Mama akaniambia nimsindikize, maana akienda peke yake angeishia njiani. Miezi mitatu tumekaa siti moja ya daladala bila kusemeshana. Asubuhi moja konda akamsukuma, "Shuka we teja." Nilishtukia nimemkaba konda shati. Mdogo wangu ndiye aliyenishika mkono, "Kaka, mwache." Tukatembea kwa miguu mpaka hospitali. Siku hiyo tuliongea.

Mpangaji6: Duh.

Mnyenyekevu: Methadoni ni kutoa unga na kuweka unga mwingine. Afungiwe ndani, aombewe.

KakaMtu: Ndugu yangu, tulimfungia mara mbili, akatoka kwa dirisha. Dawa ile inazuia arosto, mtu analala, anakula, anafanya kazi. Maombi mama hajaacha mpaka leo. Usiyapiganishe.

Mnyenyekevu: Sikukusudia kuumiza. Ila nimezika binamu kwa hayo mambo, ndiyo maana.

KakaMtu: Pole sana.

BintiTanga: Kaka, na cherehani?

KakaMtu: Niliitafuta mpaka Tandika, sikuiona. 2016 tulimnunulia mama nyingine. Nusu ya pesa katoa mdogo wangu, anauza kahawa.

BintiTanga: Mmemsahau mwenye mada. Shoga, mkichambua mchicha muulize yeye mama mkwe wake alikuwaje. Usimjibu, msikilize.

Mzee_Kigoda: Asiulize kitu. Mpangieni chumba mtaa wa pili, mkimpelekea sukari kilo mbili kila Ijumaa mtapendana sana.

BintiTanga: Mzee, mzazi hapangishiwi!

Mzee_Kigoda: Mimi wangu nilimpangia, na nilimuuguza mwenyewe mpaka akafumba macho. Kukaa mbali si kumtupa.

MamaWawili: Nimesoma yote. KakaMtu, nimekusoma mara mbili. Leo nimemuuliza tukichambua mchicha. Kasema miaka minne alikula baada ya watu wote kumaliza, kwenye sufuria. Kisha akaanza kulia. Mchicha tumeuacha hapo hapo. Ngoja nimpelekee chai.