Eti "Dogo, huyu anajua kusoma?" Yule wa kaunta ya mwisho leo kanimaliza

Wakuu, nimefika nyumbani sijavua hata viatu. Mashine yangu ya nukta nundu, maandishi ya vidole ya sisi tusioona, nimeichomeka kwenye kompyuta kwa waya, NVDA, ile programu ya bure ya kusoma kompyuta, imeitambua papo hapo, kwa hiyo mashine nzima na akili zangu nzima. Nasema mapema kabla hamjaanza.

Yule jamaa mnamjua, msijifanye. Kaunta ya mwisho pale duka la simu, karibu na kiyoyozi, marashi yake yanafika kabla ya salamu na salamu yenyewe haifiki. Leo kamgeukia mpwa wangu wa darasa la nne, mimi nimekaa hapohapo mbele yake, akamuuliza: "Dogo, huyu anajua kusoma?"

HUYU. Kama mbuzi wa mnadani.

Jambo lenyewe dogo. Simu ilijisasisha usiku, asubuhi ikagoma kuongea na mashine yangu ya nukta nundu. Kwa msioijua, haina kioo. Ina vitufe sita vya kuchapia na kirefu cha nafasi, na mbele mstari wa vijipini vinavyopanda na kushuka chini ya vidole. Ukiiunga na simu kwa bluetooth, kilichoandikwa kwenye simu unakisoma mkononi kimyakimya. Bila hiyo, simu inanitangazia salio langu mbele ya konda na abiria wote wa Mbagala.

Nikamweleza kwa adabu: kaka, usipite kwenye orodha ya bluetooth ya kawaida, ingia mipangilio ya TalkBack, ile programu inayonisomea simu, kuna sehemu ya nukta nundu, unganisha humo. Tangu 2022 TalkBack inaifanya kazi hii yenyewe, hakuna haja ya programu ya pembeni. Namsikia anagonga kioo. Anagonga. Anagonga. TalkBack ikiwa imewashwa, mguso mmoja unasoma tu, kufungua mpaka uguse mara mbili. Mpwa wangu analijua hilo. Yeye na kitambulisho chake shingoni akatoa hukumu: "Tachi imekufa hii. Kubadilisha kioo elfu themanini."

Kioo! Aniuzie mimi!

Nikamwambia gusa mara mbili. Hakugusa. Akaizima TalkBack yote "ili nifanye kazi vizuri". Vijipini vikalala vyote, mstari mtupu, maana TalkBack ndiyo inayopeleka maandishi kwenye mashine. Kamzima msomaji wangu kwa mkono wake mwenyewe, HALAFU ndiyo anamgeukia mtoto: "Dogo, huyu anajua kusoma?"

Wakuu, nimesoma bweni. Taa zikizimwa wenzangu wanalala, mimi kitabu kiko chini ya blanketi naendelea na sura inayofuata. Nimefundisha Historia kidato cha nne, nimesahihisha miandiko ya watu wa aina yake, nikisomewa mpaka machozi yananitoka. Leo naulizwa kwa mtoto. Na mashine kaiita piano. Hilo la piano nasamehe. La HUYU, hapana. Anajua. Kusoma. Huyu!

mzee_wa_buguruni: Uzi bila picha.

binti_kigoma: We Buguruni, mleta uzi haoni, picha akupigie ya nini? Pole kaka. Huyohuyo wa kaunta ya mwisho aliniuliza mimi kama laini ni ya mume wangu. Sina hata mchumba.

KichwaNgumu77: Samahani mkuu, si kwa ubaya. Sasa huu uzi umeandikiwa na nani?

Mleta uzi: WEWE NDIYE WA KAUNTA. Nimekujua! Nimeandika kwa vidole vyangu. Nukta 125, 136, 13456, 136. Soma hapo, inasema HUYU.

KichwaNgumu77: Nimeuliza tu jamani, ukali wa nini. Mimi nauza mitumba Karume.

fundi_wa_mtaa: Elfu themanini kioo cha simu gani? Ileteni kwangu elfu hamsini na kava juu.

binti_kigoma: KIOO HAKIJAFA.

fundi_wa_mtaa: Sawa dada, ila ofa inaisha Jumamosi.

kidole_macho: Mleta uzi, ifute kwanza mashine kwenye orodha ya bluetooth, kisha anza upya humo ndani ya TalkBack. Yangu ilikubali hivyo. Ila wewe una bahati, shida yako ni simu tu. Mimi niliunga mashine na simu na kompyuta kwa pamoja. Niko katikati ya barua ya bosi, meseji ya mama mkwe ikaingia, nikadhani nimehamia upande wa simu kumjibu, kumbe bado; nikabonyeza kurudi, kumbe ndiyo nahamia. Barua ya ofisi imekwenda kwa mama mkwe, na "shikamoo mama" bosi kaisoma.

mzee_wa_buguruni: Bosi kaitikia marahaba?

kidole_macho: Kaitikia.

Mleta uzi: Turudi kwenye HUYU jamani.

kidole_macho: Na bado hamjakutana na ile programu ya benki, wenye nayo wanaijua. Waliichora bila kuvipa vitufe majina. Unapeleka kidole: "kitufe". Unapeleka tena: "kitufe". Vyote kitufe! Natafuta salio, nimekopa.

binti_kigoma: Hata sisi wenye macho inatukata makato hatuyaelewi. Juzi wamekata, jana wamekata.

KichwaNgumu77: Mimi walinikata nikiwa msibani.

mzee_wa_buguruni: Subirini kwanza. Huo mkopo wa bahati mbaya walitoa shilingi ngapi, na dhamana hawakudai?

kidole_macho: Laki mbili. Hawakudai chochote.

mzee_wa_buguruni: Kitufe cha ngapi kutoka juu?