Tupeane uzoefu: Kesi iliisha zamani, rekodi bado inakuita mshtakiwa

MWANZISHA UZI, Nakuru
Wapendwa, kuna wenzetu wanakosa kazi kwa sababu ya kesi zilizokwisha kitambo. Naanza na yangu.

Mwaka 2009 nilishtakiwa kwa kujeruhi baada ya ugomvi wa sokoni. Mlalamishi hakufika kortini, hakimu akaniachilia huru chini ya kifungu cha 202 cha sheria ya mwenendo wa kesi za jinai. Nikaenda zangu. Mwaka 2019 nikataka kuendesha matatu, na huko lazima uwe na cheti cha maadili mema, kile cha polisi kinachoonyesha kama una rekodi ya uhalifu. Nikajaza fomu ya alama za vidole, C24, kupitia eCitizen, tovuti ya huduma za serikali, nikalipa shilingi 1,050, nikachukuliwa alama za vidole vyote kumi. Jibu: nina kesi ambayo haijaamuliwa. Miaka kumi baadaye!

Nilikuwa nimedhani korti na polisi wana daftari moja. Hawana. Matokeo ya kesi lazima yapelekwe, na yangu hayakupelekwa.

Nikaenda masijala ya korti, kunakowekwa faili za kesi; karani alinitafuta kwa jina akanikosa, kumbe niliandikwa kwa jina la babu. Kilichoniokoa ni risiti ya dhamana ambayo mamangu aliitunza miaka yote hiyo, kwa kuwa ilikuwa na namba ya kesi. Siku ya nne faili ikatoka stoo. Niliomba nakala ya mwenendo wa kesi na ya uamuzi, zote zigongwe muhuri wa korti, nikazipeleka makao makuu ya DCI (idara ya upelelezi wa jinai inayotoa cheti hicho), Barabara ya Kiambu, pamoja na barua. Ndani ya barua nilitaja Ibara ya 35(2) ya Katiba: kila mtu ana haki ya kusahihishiwa au kufutiwa habari za uongo au za kupotosha zinazomwathiri. Nilihudhuria mara tatu. Cheti kikatoka safi.

Nanyi je?

MKAAZI WA LIKONI
Yangu ilikuwa kosa la mtu mwingine kabisa. Ndugu yangu mdogo alikamatwa akataja jina langu, nami sina habari. Niliijua siku ajenti wa kazi za Qatar aliponirudishia karatasi. Usibishane kwa maneno, omba alama zako za vidole zilinganishwe na za aliyekamatwa. Zangu hazikufanana na zile, na hapo ndipo mazungumzo yalipobadilika. Ndugu yangu ilibidi aandike kiapo mbele ya wakili. Alilia. Mimi pia.

MAMA WA KAYOLE
Kesi ya mwanangu iliondolewa chini ya kifungu cha 87(a) cha sheria hiyo hiyo. Hiyo si kuachiliwa huru?

MWANZISHA UZI
Hapana, mama. Kwa 87(a) kesi imeondolewa, lakini mtu anaweza kushtakiwa tena kwa jambo lilelile. Kifungu cha 202, 210 na 215 ndivyo vya kuachiliwa huru. Hata hivyo rekodi haifai kusema kesi inaendelea ilhali iliondolewa. Hilo ni kosa, dai lirekebishwe. Tazama vizuri kifungu kilichoandikwa kwenye uamuzi kabla hujaondoka masijala.

FUNDI, Kisumu
Naongeza jambo chungu. Mwaka 2020 wakati wa kafyu nilikubali kosa, nikalipa faini, nikadhani yameisha. Kukubali kosa ni kupatikana na hatia, na hiyo hatia ni yangu. Lakini rekodi ilinionyesha mwizi! Kifungu kilinakiliwa vibaya. Nilipeleka hati ya mashtaka na risiti ya faini, wakarekebisha kosa lenyewe. Hatia ilibaki. Nilichodai ni iandikwe ilivyokuwa.

MGENI HAPA
Mimi sina risiti wala namba ya kesi. Ni ya mwaka 2004. Nianzie wapi?

MWANZISHA UZI
Anzia kituo ulikopelekwa. Kumbuka mwezi, hata kama tarehe imekutoka, uombe watafute kwenye OB (daftari la matukio la kituo) na rejista ya mashtaka. Humo utapata namba ya kesi. Nenda asubuhi mapema.

MGENI HAPA
Ilikuwa Agosti, wiki ya mazishi ya baba. Nitaenda Jumatatu.