Je, kuchachusha chakula cha kuku wa nyumbani kuna faida inayolingana na kazi yake?

MamaKuku_Moro:
Habari zenu wafugaji wenzangu. Ninafuga kuku chotara 40 wa mayai nyumbani kwangu Morogoro, na chakula chao ninachanganya mwenyewe kwa mahindi ya kuparaza, pumba, mashudu ya alizeti, dagaa, chokaa na premiksi (mchanganyiko wa vitamini na madini). Jirani yangu ameanza kuloweka chakula chote kwenye ndoo hadi kichachuke, naye anasisitiza kwamba kuku wake wanakula kidogo, wanataga zaidi, na hawahitaji tena dawa wala chanjo. Kweli banda lake halina harufu kali kama langu, lakini ninaogopa kuwalisha kuku chakula kilichooza nikidhani kimechachuka. Naomba kujua kama kazi hii ina faida ya kweli, na kama ipo, inatokana na nini hasa.

Mzee wa Banda:
Dada yangu, faida ipo, na kwa mfugaji anayechanganya mwenyewe kama wewe ni kubwa kuliko kwa anayenunua chakula kilichokamilika. Kinachotokea ndani ya ndoo ni kile kinachotokea kwenye togwa: bakteria wa asidi ya laktiki, ambao tayari wamo kwenye nafaka, hula sukari na kutoa asidi, mpaka pH (kipimo cha uchachu, ambacho hushuka uchachu unapozidi) inashuka kukaribia 4, hali ambayo salmonela na vijidudu vingine vingi vya maradhi haviipendi. Zaidi ya hapo, sehemu kubwa ya fosforasi iliyomo kwenye pumba na mashudu imefungwa ndani ya fitati, kemikali ya asili ya mbegu, ambayo tumbo la kuku haliwezi kuifungua vizuri, na uchachushaji huifungua kwa kiasi.

Ama hilo la kula kidogo, lipime kwa uzito wa chakula kikavu. Kuku wa mayai hula takribani gramu 110 hadi 120 kwa siku, na sehemu ya akiba anayoiona jirani yako ni vumbi la pumba ambalo zamani lilimwagika chini na sasa linaliwa. Utafiti uliofanyika Denmark na kuchapishwa mwaka 2009 uliona mayai yakiongezeka uzito na maganda yakiimarika, lakini kuku walichelewa kukizoea chakula hicho na manyoya yao yakawa katika hali mbaya zaidi kwa sababu ya kudonoana. Kwa hiyo anza kwa kukichanganya kidogo kidogo na kile kikavu.

Loweka mahindi, pumba na mashudu peke yake. Dagaa huoza, na chokaa huua ile asidi unayoitafuta, kwa hiyo vitu hivi viwili pamoja na premiksi uvichanganye wakati wa kulisha. Tumia ndoo ya plastiki, kwa maana asidi hula zinki ya ndoo ya bati. Maji yafunike chakula kwa vidole viwili, kisha ukoroge asubuhi na jioni. Kwa joto la Morogoro, siku moja hadi mbili zinatosha: utaona mapovu madogo yakipanda unapokoroga, punje ya mahindi itapondeka kati ya vidole, na harufu itakuwa ya uchachu mtamu. Utando mweupe mwembamba juu ya maji si tatizo. Ukiona kuvu ya kijani au nyeusi yenye manyoya, au ukasikia harufu ya uozo, mwaga yote na uoshe ndoo.

Mkulima_Wote:
Nakubaliana na mzee, ila kuna jambo ambalo sisi wa Makueni, Kenya, hatuwezi kulinyamazia. Mahindi yenye kuvu yakilowekwa hubaki na sumukuvu yake, kwa kuwa uchachu hauondoi sumu hiyo kwa kiwango cha kutegemewa. Mwaka 2004 watu 125 walifariki katika eneo letu, Kitui na wilaya jirani kwa kula mahindi yenye sumukuvu, na kuku, hasa vifaranga, huumia ini kwa sumu hiyohiyo. Nimesikia watu wakishauriana kununua mahindi mabovu ya bei rahisi kwa matumaini kwamba ndoo itayatengeneza, na ninawasihi waache kabisa. Hata ile chanjo jirani anayoiacha: mdondo ni ugonjwa wa virusi, na hakuna uchachu unaouzuia.

Leya_Kibaha:
Mimi nina mtazamo tofauti kidogo. Ninalisha chakula cha kiwandani, ambacho kina laisini (mojawapo ya viini vya protini) iliyoongezwa, na bakteria wa kwenye ndoo wanaweza kuiharibu laisini hiyo, maana yake unapoteza kitu ulichokwisha kukilipia. Halafu kuna unyevu. Chakula chenye maji kikimwagika, maranda yanalowa, na maranda yaliyolowa ndipo ugonjwa wa kuhara damu unaposhamiri. Kwa kuku 40 unaweza kusimamia hilo, kwa kuku 500 bila kibarua wa ziada singeshauri.

MamaKuku_Moro:
Nawashukuru sana. Mahindi yangu nitaendelea kuyachambua kabla ya kuparaza, na chanjo ya mdondo sitaiacha. Swali moja limebaki: je, vifaranga nao wapewe?

Mzee wa Banda:
Wiki za mwanzo waache kwenye chakula kikavu cha vifaranga, kwa sababu chakula chenye maji huwalowesha manyoya na kuwapunguzia joto wanalolihitaji. Kwa wakubwa, kamua maji mpaka chakula kishikane mkononi bila kudondosha tone, weka kiasi watakachomaliza kabla ya jua kali, na uoshe vyombo kila jioni. Maji uliyokamua yabakize kidogo ndani ya ndoo, kwani yana bakteria wengi na yataharakisha mkupuo unaofuata. Ukitaka kuwa na uhakika, gawa kuku wako makundi mawili, uwape uzito uleule wa chakula kikavu, na uhesabu na kupima mayai ya kila kundi.